Fayawoli ya Linux kwenye Pentium 4: niwashe kutoka flashi, CompactFlash, CD au SSD?

#1 mtu_wa_pipeline
Wadau habari. Nina Pentium 4 ya 2.4 GHz, RAM megabaiti 512, kadi mbili za mtandao, inayogawa intaneti kwa ploti yetu huku Pipeline. Faiba inaingia chini kwa mlinzi, inapita kwenye hiyo mashine, inaenda swichi, halafu nyumba za watu. Ndani nimeweka OpenWrt, ile Linux ya ruta. Bodi haina SATA (kiunganishi cha diski za kisasa), ina IDE mbili (kile cha zamani) na USB za nyuma.

Shida ni kitu cha kuwashia. Diski ya zamani ilianza kugonga nikaitoa, nikaweka flashi. Sasa flashi zinakufa. Stima ikipotea usiku na kurudi, asubuhi skrini inasema hakuna diski ya mfumo na simu yangu imejaa wapangaji. Nabadilisha flashi, inakaa kidogo, tunarudi palepale.

Nataka kununua kitu mara moja nisahau. Kadi ya CompactFlash (CF, zile za kamera za zamani) na adapta ya IDE? SSD? CD? Na tafadhali nisiambiwe ninunue ruta mpya. Hela ni ya landilodi, na landilodi ameshasema neno lake.

#2 Fundi_Kayole
Flashi zako ni feki, usisumbuke kutafuta sababu nyingine. Juu imeandikwa GB 64, ndani kuna chipu ya GB 8 au chini, na kidhibiti kimefunzwa kudanganya. Ukiandika kupita mwisho wa chipu, data inarudi kufuta ile ya mwanzo au inapotelea hewani. Weka programu ya f3 kwenye laptopu ya Linux, endesha `f3write` halafu `f3read`, utajua ulichouziwa.

#3 dada_wa_saiba
Si lazima ziwe feki. Mimi saiba yangu iko Zimmerman na fayawoli yake imekaa kwenye flashi ya kawaida kabisa miaka mingi. Tofauti ni kwamba haiandikwi. Kinachoua flashi ni kuandika kila wakati, hasa kumbukumbu za mfumo. Kila mtu akibisha hodi kwenye bandari ya 22 (ya SSH, ya kuingilia mashine kwa mbali) kutoka ng'ambo, mstari unaandikwa. Hamishia logi kwenye RAM.

#4 rungu
@dada_wa_saiba heshima yako mama, lakini OpenWrt tayari inaweka logi kwenye RAM. Ukiandika `logread` inasoma kutoka humo, na ukizima mashine zote zinapotea. Ushauri wako ni mzuri kwa Linux za kawaida kama Debian. Kwake huenda hakuna cha kuhamisha.

@Fundi_Kayole na wewe: mfumo mzima wa OpenWrt wa x86 ukifunguliwa ni kama megabaiti 120. Hata kama flashi ina GB 8 badala ya 64, atafikaje mwisho wake?

#5 Fundi_Kayole
Ufeki si ukubwa peke yake. Chipu zinazowekwa humo mara nyingi ni zile zilizokataliwa kiwandani. Hata megabaiti 120 za kwanza si za kuaminiwa. Nimefungua nyingi, nimeona kadi ndogo ya microSD imegundishwa ndani kwa gundi.

#6 Babu_ipchains
Nyinyi vijana mnahangaika. Sisi fayawoli ilikaa kwenye flopi moja. Linux Router Project, kerneli (kiini cha Linux) 2.0 na programu ya fayawoli ya `ipfwadm`, baadaye 2.2 na `ipchains`. Flopi ya 1.44 tuliifomati ikabeba kilobaiti 1680 ili kila kitu kiingie. Ikishawaka, mfumo wote uko kwenye RAM. Unatoa flopi, unaisukuma ile kijitundu iwe wazi isiandikike, unaiweka mfukoni unaenda nyumbani. Mtu avunje fayawoli yako, unabonyeza rizeti, mgeni ameondoka.

#7 rungu
Babu na flopi ikipata vumbi je?

#8 Babu_ipchains
Ndiyo maana mtu alikuwa na tatu.

#9 Kiptoo_mtandao
Nirudi kwa swali. CompactFlash ndiyo jibu la kiufundi kwa bodi isiyo na SATA. Hiyo kadi ina hali inayoitwa True IDE: ikiwekwa kwenye adapta, BIOS (programu ya bodi inayoanzisha mashine) inaiona kama diski ya kawaida ya IDE. Hakuna dereva, hakuna ujanja wa USB. Adapta yenyewe haina akili yoyote, ni nyaya tu kutoka pini 50 kwenda pini 40.

Sasa jambo linalowatoa watu jasho: adapta nyingine hazikuunganisha nyaya za DMA (njia ya data kwenda RAM bila kupitia prosesa). Kadi inasema inaweza DMA, kerneli inajaribu, inangoja jibu ambalo haliji, unaona makosa yanashuka kwenye skrini na mashine inachukua dakika nzima kuwaka au inaganda. Ongeza `libata.dma=3` kwenye mstari wa kerneli. Maana yake DMA iruhusiwe kwa diski na CD lakini si kwa CompactFlash. Utapoteza kasi, lakini fayawoli husoma kadi ikiwaka tu, kwa hiyo hutajua tofauti.

#10 Wanjiru_K
Na usichukue kadi ya kamera ukidhani umemaliza. Kadi za viwandani za SLC (biti moja kwa seli) zinavumilia kuandikwa karibu mara 100,000 kila seli. Za kawaida za MLC (biti mbili kwa seli) ni elfu chache. Ukiandika hovyo, CF itakufa vilevile, ni kwamba itachukua muda zaidi na utakuwa umelipa zaidi.

#11 mtu_wa_pipeline
Asanteni. @rungu kuna jambo sikulisema. Nimeweka nlbwmon ihesabu matumizi ya kila nyumba, maana wengine wanalipa kulingana na GB. Ile hifadhidata kwa kawaida inakaa `/var`, yaani RAM, na stima ikipotea hesabu zinapotea, wapangaji wanaanza kesi. Kwa hiyo niliihamishia `/etc` na nikaiambia ihifadhi kila dakika moja. Na toleo la OpenWrt niliweka ni la ext4 (mfumo wa faili unaoandikika), si squashfs.

#12 dada_wa_saiba
Kila dakika! @rungu ulikuwa unasema hakuna cha kuhamisha?

#13 rungu
Nimekaa chini, mama.

Basi hapo kuna mambo mawili. Kuandika kila dakika kunachosha flashi, sawa. Lakini zaidi ya hapo, stima ikikatika katikati ya kuandika, ext4 inaachwa nusu. Toleo la squashfs lina msingi usioandikika kabisa na mabadiliko yako yanakaa tabaka la juu. Likivurugika hilo la juu, unaandika `firstboot` na mashine inarudi ilivyozaliwa. Kwa ext4 huna hiyo nafasi.

#14 Kiptoo_mtandao
Ext4 ikivurugika, mashine haisemi "hakuna diski ya mfumo". Inaanza kuwaka, kerneli inapita, halafu inalalamika kuhusu mfumo wa faili. Yeye anasema BIOS yenyewe haioni kitu. Hayo ni maneno ya BIOS. Sikubaliani kwamba nlbwmon ndiyo chanzo.

#15 tomito_254
Maze si aweke pfSense tu aache stori nyingi

#16 Wanjiru_K
pfSense ni fayawoli ya FreeBSD, si Linux. Na tangu toleo la 2.4 la mwaka 2017 haikubali mashine za biti 32. Hiyo Pentium 4 yake ya 2.4 karibu hakika ni ya biti 32. m0n0wall, fayawoli nyingine ya FreeBSD iliyokuwa inafaa sana kwa CF, ilifungwa 2015. IPFire, fayawoli ya Linux, nayo imeacha biti 32. Hata Debian 13 ya 2025 haina tena kisakinishi cha i386. Kwa mashine hiyo zimebaki chache: OpenWrt, Alpine, na chache za wapenzi.

#17 tomito_254
Sawa mwalimu

#18 Mzee_wa_Githurai
Mimi natumia kadi ya SD kwenye kisomaji cha USB. SD ina kile kiswichi cha pembeni cha kufunga kuandika. Nikishaweka mfumo nafunga. Hakuna kirusi wala stima itakayogusa.

#19 Fundi_Kayole
Mzee, hicho kiswichi hakijaunganishwa na chochote ndani ya kadi. Ni plastiki tu. Kisomaji ndicho kinachohisi kilipo na kuamua kutii au kutotii. Visomaji vya bei ya chini vingi havitii. Jaribu: funga, halafu andika faili uone.

#20 Mzee_wa_Githurai
Nimejaribu. Faili limeandikwa.

#21 rungu
😂😂 pole mzee

#22 Babu_ipchains
Kijitundu cha flopi kilikuwa kinatazamwa na kiendeshi chenyewe. Nasema tu.

#23 mtu_wa_pipeline
Nimezichukua zile flashi "zilizokufa" nikaziweka kwenye laptopu. Moja haionekani kabisa, hata taa haiwaki. Nyingine inasomeka vizuri, sehemu zote mbili ziko na faili zangu ziko! Nimeirudisha kwa ile mashine, haiwaki. Sasa niambieni.

#24 Wanjiru_K
Betri ya bodi. Ile CR2032. Ikishakwisha, stima ikipotea BIOS inasahau kila kitu na kurudi mipangilio ya kiwandani. Kwenye bodi nyingi za umri huo mipangilio ya kiwandani ni flopi kwanza, halafu diski ya IDE, na USB ama iko mwisho ama imezimwa. Wewe unaona "hakuna diski ya mfumo" unadhani flashi imekufa. Ingia BIOS uangalie tarehe. Ikiwa ni ya zaidi ya miaka ishirini iliyopita, umepata jibu.

#25 Fundi_Kayole
Na ile isiyowaka taa imekufa kwa betri pia?

#26 Wanjiru_K
Hiyo ichukue wewe, ni yako. Feki.

#27 dada_wa_saiba
Kuhusu betri namuunga mkono Wanjiru. Yangu ya Zimmerman ilikuwa hivyo. Cha ajabu mashine ilikuwa inawaka vizuri, lakini WireGuard (VPN) kati ya saiba na nyumbani inakataa kila stima ikirudi. Kumbe saa imerudi 2002. WireGuard hutuma wakati ndani ya salamu ya kwanza, na upande wa pili unakumbuka wakati wa mwisho uliouona. Ukija na wakati wa nyuma unahesabiwa kama mtu anayerudia salamu za zamani, unatupwa. Tena vyeti vya tovuti navyo vinakataliwa kwa sababu "bado havijaanza kutumika". Nilibadilisha betri, yote yakaisha. Nilikuwa nimeshanunua SSD bure.

#28 rungu
Kitu cha kuchekesha hapo: OpenWrt ikiwaka hutazama faili jipya kuliko yote ndani ya `/etc`, na saa ikiwa nyuma ya faili hilo inaisogeza mpaka hapo. Kwa hiyo ile hifadhidata ya @mtu_wa_pipeline iliyo `/etc`, ambayo tunamwambia aitoe, ndiyo inayomshikia saa.

#29 Kiptoo_mtandao
Sijashawishika bado. Mnasahau joto. Pentium 4 inatema hewa ya moto nyuma, na flashi imechomekwa palepale nyuma, karibu na feni ya paweza (power supply). Chipu za aina hii hazipendi joto la kudumu. Na bodi za miaka hiyo ndizo zilikuwa na kapasita mbovu. Tazama zile zilizo karibu na prosesa na karibu na matundu ya USB. Kama vichwa vyake vimevimba au kuna uji wa kahawia, volti ya USB inaweza kuyumba, na kila flashi utakayoweka inaweza kuteseka, iwe feki au halisi. CF kwenye IDE inachukua umeme moja kwa moja kutoka kwa paweza, ndiyo sababu nyingine ya kuipendelea.

#30 Fundi_Kayole
Kapasita nabadilisha mimi, inbox iko wazi.

#31 tomito_254
Joto ni faida. Julai huku baridi ikikaza, mlinzi analala na hiyo mashine

#32 juma_wa_dar
Wakuu salaam kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku umeme nao una tabia zake, kwa hiyo nimeacha kabisa kuuliza kifaa gani hakifi. Natumia Alpine katika hali yake ya kukaa RAM. Inasoma flashi ikiwaka, inapakia kila kitu, halafu flashi inabaki ya kusomwa tu. Ukibadilisha kanuni za fayawoli (nftables) unaandika `lbu commit`, faili moja dogo linahifadhiwa, basi. Ukitaka, chomoa flashi, mfumo unaendelea. RAM megabaiti 512 zinatosha na kubaki.

Ukiwa na kiendeshi cha CD kinachofanya kazi, unaweza kuweka Alpine kwenye CD na lile faili la mipangilio kwenye flashi au hata flopi ya Babu. Devil-Linux, Linux ya fayawoli ya zamani, ndivyo ilivyokuwa, CD kwa mfumo na flopi kwa mipangilio.

#33 Babu_ipchains
Huyu kijana wa Dar amelelewa.

#34 dada_wa_saiba
CD nilijaribu zamani. Lenzi inakula vumbi, na kila sasisho la usalama unachoma CD nyingine. Mwishowe mtu anaacha kusasisha. Fayawoli isiyoandikika na isiyosasishwa, unalinda nini? Na mtu anijuze, CD tupu zinauzwa wapi siku hizi? Luthuli nimezunguka wakaniangalia kama nimeomba telegramu.

#35 Mzee_wa_Githurai
Kirinyaga Road kuna kijana anazo, za DVD lakini.

#36 njugu_karanga
Samahani kuingilia. Nimehesabu kidogo. Mashine hiyo hata ikikaa bure inakula kama wati 80. Mara saa 24 mara siku 30 ni uniti 57.6 kwa mwezi. Kompyuta ndogo nyembamba za mtumba kutoka Uingereza zinakula wati 10 hivi, uniti 7.2. Zidisha tofauti kwa bei ya tokeni yako, umpelekee landilodi hiyo karatasi, si swali la flashi.

#37 mtu_wa_pipeline
Tokeni ya ngazi inalipwa na wapangaji, si landilodi 😅

#38 njugu_karanga
Ooh. Endeleeni.

#39 Kiptoo_mtandao
Na SSD bado haijazungumzwa vizuri. Ukiweka adapta ya SATA kwenda IDE, angalia jampa ya bosi na mtumwa, nyingine zimefungwa upande mmoja tu. Ya pili, BIOS za zamani zina mpaka wa GB 137 kwa sababu anwani ni za biti 28. SSD ya GB 120 inapita chini ya mpaka huo, ya 240 inaweza kuleta utata. Kwa anayeandika hifadhidata kila dakika, SSD inasambaza uandishi kwenye chipu nzima, haichoki mapema kama flashi.

#40 Wanjiru_K
SSD za bei ya chini zisizo na kapasita za akiba zinaweza kupoteza data stima ikikatika ghafla zinapopanga mambo yao ya ndani. Nimeona moja imerudi inasema ukubwa wake ni sifuri. Aandike kila baada ya saa moja badala ya kila dakika, au hesabu zitumwe kwenye kompyuta nyingine. Mpangaji atapata offa ya dakika hamsini, hatalalamika.

#41 juma_wa_dar
Au UPS ndogo mkuu.

#42 mtu_wa_pipeline
Nimerudi. Tarehe ya BIOS ilikuwa Januari 2002. Nimeweka CR2032 mpya, nikapanga USB iwe ya kwanza, nikaweka kwamba isingoje mtu abonyeze F1 kibodi isipokuwepo, na kwamba stima ikirudi ijiwashe yenyewe. Nimeweka squashfs kwenye ile flashi iliyosomeka, na hesabu kila saa.

Stima imepotea jana jioni ikarudi. Imewaka bila mtu. Ikapotea tena alfajiri, haikuwaka. Niliposhuka nikachomoa flashi nikachomeka tundu la pembeni yake, ikawaka.

#43 Wanjiru_K
Hiyo ya jana ilikuwa betri. Nimefurahi.

#44 Kiptoo_mtandao
Na ya alfajiri ni tundu la USB, volti. Angalia kapasita, naomba picha.

#45 Fundi_Kayole
f3 ulikimbiza lakini? Hujajibu tangu ukurasa wa kwanza.

#46 rungu
Huenda pia stima ikirudi flashi inachelewa kuamka na BIOS haingoji. Bodi nyingine zinakagua USB haraka sana, hasa ukiwa umewasha ule ukaguzi wa haraka wa kuanzia. Uuzime, ihesabu RAM yote polepole, flashi ipate nafasi. Ikigoma, Plop, programu ndogo ya kuwashia, kwenye CD au flopi inaweza kuitafuta USB badala ya BIOS.

#47 Babu_ipchains
Flopi. Nimesikia flopi.

#48 mtu_wa_pipeline
@Kiptoo_mtandao picha naleta jioni, mbili zinaonekana zimenona kidogo lakini sina uhakika kama ni zilivyo. @Fundi_Kayole f3 naendesha leo. CF nimeambiwa Luthuli iko ya GB 4, muuzaji hajui kama ni ya viwandani, anasema tu "ni original".

#49 Fundi_Kayole
"Original" 😂

#50 otis_maktaba
Nimefuata huu uzi kimya tangu juzi. Mimi ninayo ya zamani zaidi, Pentium MMX ya 233, RAM 64, kiendeshi cha CD hakifunguki. OpenWrt itakubali?

#51 Wanjiru_K
Chukua toleo la `legacy`, si `generic`. `generic` inataka Pentium 4 kwenda juu. Lakini RAM 64 itabana sana, na USB yake ikiwepo ni ya 1.1, megabiti 12 kwa sekunde. Weka CF kwenye IDE.

#52 Babu_ipchains
@otis_maktaba hiyo MMX unaiuza? Nipigie bei kabla hujaifungua.